Nani Ahame

Jumatano, 4 Juni 2025. Kalimoni

Jirani yangu alibisha hodi jana jioni, nikamkaribisha, akakataa kuketi. Shule ya bintiye ilikuwa imempigia simu saa tisa mchana ikimtaka afike "kwa mazungumzo." Mtoto yuko kidato cha tatu, ana miaka 16. Jumamosi usiku, timu ya raga iliporudi na kombe, mvulana mmoja wa timu hiyo alimnajisi nyuma ya maabara. Hivyo ndivyo mtoto anavyosema, nami namwamini. Sitaandika jina lake wala la shule, hata humu.

Alimwambia matroni usiku ule ule. Matroni akamwambia aoge, akamlaza katika chumba cha wagonjwa. Jumapili mwalimu mkuu hakuwepo. Jumatatu ilikuwa mapumziko ya Madaraka. Jumanne ndipo mama akatafutwa.

Leo alfajiri tumemchukua mtoto, tukapanda matatu hadi hospitali ya Thika Level 5. Daktari alijaza fomu ya PRC, ya huduma baada ya ubakaji, bila haraka, akimweleza mtoto kila anachofanya kabla ya kukifanya. Vidonge vya kuzuia mimba alimpa, maana hivyo vinaweza kusaidia hadi saa 120. Dawa za PEP, za kuzuia virusi vya Ukimwi, hakumpa. Zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na hizo zilikwisha jana usiku, mtoto akiwa bado kitandani katika chumba cha wagonjwa akisubiri wakubwa waafikiane. Nguo alizovaa zilikuwa zimeshafuliwa. Zingetiwa kwenye mfuko wa karatasi jinsi zilivyokuwa, zingekuwa ushahidi.

Hakuna aliyemfukuza mtoto huyu. Walimwambia tu asubiri, na kule kusubiri kumemnyima dawa na ushahidi.

Ijumaa, 6 Juni

Tumekwenda shuleni. Tulipewa chai.

"Mama, hapa sisi sote ni wazazi," mwalimu mkuu alianza, kisha akazungumza juu ya mvulana kwa muda mrefu: kasi yake, michuano ya kaunti iliyo mbele, chuo kikuu ambacho kingemchukua kwa sababu ya raga. Msichana alitajwa mwishoni. "Tumeona ni heri umhamishe, kwa faida yake. Tutakusaidia kumpatia nafasi kwingine."

"Na kijana je, mwalimu?"

"Kijana bado hajapatikana na hatia."

Nimekuwa mwalimu wa ushauri nasaha kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na jibu hilo nimelisikia katika ofisi nyingi. Ni kweli hajapatikana na hatia. Isitoshe, naye ni mtoto, ana miaka 17. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda, na ni vizuri imlinde. Asikilizwe, apewe wakili. Lakini msichana hajashtakiwa kwa lolote, na ndiye aliyekwisha kupewa adhabu: aache dawati lake, marafiki zake, walimu wanaojua anapokwama katika Kemia. Kumweka mvulana nje ya timu mpaka polisi wamalize kazi yao si kumhukumu. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu na ya kulindwa dhidi ya dhuluma. Haki ya kuvaa jezi sijaiona popote.

Naibu wa mwalimu mkuu akashauri familia zikutane, wazee wawepo, "yamalizwe nyumbani." Nikamwomba asome kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono, ile ya 2006 ambayo Njoki Ndung'u aliipeleka bungeni akiwa mbunge mteule. Uamuzi wa kusitisha uchunguzi au kesi ya namna hii uliwekwa mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na siku hizi ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Mama mwenyewe hana mamlaka hayo. Sembuse bodi ya shule.

Kutoka pale tulikwenda kituo cha polisi. Tuna nambari ya OB, ya kitabu cha matukio, na fomu ya P3, ya uchunguzi wa daktari kwa ajili ya polisi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Baada ya misa, akina mama wawili walinisogelea, watu wema, ninawafahamu. "Mwalimu, hebu mfikirie kijana wa watu. Maisha yake yataharibika." Niliwauliza kama wamemwona msichana wiki hii. Hawakuwa wamemwona.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekaa na makaratasi usiku kucha. Waraka nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu unadai taarifa za dhuluma ya kingono zitolewe ndani ya saa 24. Mei 2015, katika kesi ya W.J., Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba tume hiyo na serikali wanawajibika kwa unyama uliofanywa na mwalimu wa shule ya msingi, wasichana wawili wakapewa fidia ya jumla ya shilingi milioni 5. Ni ushindi mkubwa. Ila nikiusoma tena waraka na hukumu hiyo naona kwamba mshtakiwa anayelengwa na vyote viwili ni mwalimu. Mshtakiwa akiwa mwanafunzi, shule inalichukulia jambo kama utoro au kuvuta sigara, inaipa kamati ya nidhamu, na kamati ya nidhamu hukaa wakati ambao shule inaona unafaa. Mwenye vikombe huonekana mali ya shule. Aliyeumizwa huonekana tatizo la shule.

Agosti 2019 mahakama ya Nairobi iliwafunga wachezaji wawili wa raga miaka 15 kila mmoja kwa ubakaji wa genge. Baadaye Mahakama Kuu ikaagiza kesi isikilizwe upya. Nakumbuka maoni ya watu wakati ule: mabao, klabu, vipaji. Kule Marekani, mwogeleaji wa Chuo Kikuu cha Stanford alipatikana na hatia ya shambulio la kingono mwaka 2016, akapewa kifungo cha miezi sita, akakaa mitatu. Magazeti yaliandika hata rekodi zake za kuogelea. Wapiga kura wa eneo lile walimwondoa jaji kazini mwaka 2018. Chanel Miller, aliyetendewa, alikaa miaka bila jina mbele ya umma mpaka alipoamua mwenyewe kulitaja mwaka 2019. Kwamba aliamua mwenyewe, hilo ndilo ninalolipenda katika habari hiyo yote.

Mtoto amekuja kusoma kwangu kila jioni. Tunafanya Kiswahili, kwa Kemia nimemtafutia mwanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT.

Jumapili, 13 Julai

Leo ni miaka 34 tangu mkasa wa shule ya St. Kizito, Meru. Nilikuwa mwalimu kijana. Wasichana 19 walikufa usiku mmoja, 71 walibakwa, na waliofanya hivyo walikuwa wavulana wa shule hiyo hiyo. Wasichana walikimbilia bweni moja, wakasukuma vitanda mlangoni. Wengi walikufa kwa kukanyagwa na kukosa hewa. Watu huyakumbuka maneno ya naibu wa mwalimu mkuu, kwamba wavulana hawakutaka kuwadhuru wasichana, walitaka tu kuwabaka. Jambo ambalo wachache hulikumbuka ni chanzo. Taarifa za wakati ule zilisema wavulana waligoma kwa sababu ada ya michezo haikulipwa, shule ikakosa mashindano. Wasichana walikataa kujiunga na mgomo. Ugomvi haukuwa wao, wakauawa kwa kutoushiriki.

Na shule ilikuwa na jina la Kizito! Mdogo kuliko Mashahidi wote wa Uganda, mvulana wa miaka kama 14, aliyechomwa Namugongo mwaka 1886, na ambaye mapokeo ya Kanisa yanasema alikataa kutumiwa kimwili na kabaka, mfalme wa Buganda. Tunamwadhimisha kila tarehe 3 Juni. Mwaka huu ilikuwa Jumanne ile ile mama alipopigiwa simu. Niliimba kanisani asubuhi ile bila kujua lolote.

Jumatatu, 14 Julai

Barua ya bodi imefika. Mvulana ataendelea kucheza. Msichana "anashauriwa kubaki nyumbani hadi hali itulie." Faili la polisi bado liko kwa ofisi ya mashtaka.

Kesho tunakwenda kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Tumeandika mambo matatu. Mtoto arudi darasani kwake, bweni na darasa lile lile, na mwalimu mmoja anayemwamini apewe jukumu la kuwa karibu naye. Mvulana aondolewe katika timu na asome kama mwanafunzi wa kutwa, mpaka ofisi ya mashtaka iseme neno. Tatu, shule ieleze kwa maandishi, saa kwa saa, ilifanya nini kati ya Jumamosi usiku na Jumanne mchana.

Mtoto aliisoma orodha yetu akaongeza la nne kwa mkono wake: matokeo yake ya muhula yasiandikwe sifuri kwa mitihani aliyoikosa. Mama yake anasema atazungumza mwenyewe, nami nibebe faili.