Pumzi na Mshindo

Wanaobishana kuhusu nani mkakamavu zaidi, mwanaraga au mchezaji wa futiboli ya Kimarekani, husahau kupima muda. Agosti 2019, Christian Wade, winga wa raga kutoka Uingereza, alishika mpira mara ya kwanza akiichezea Buffalo Bills, akatimka yadi 65 hadi akafunga. Ilikuwa mechi ya kujipima nguvu. Ligini hakuchezeshwa kamwe. Je, mbio zilimpungukia? La hasha. Raga ilimlea katika dakika 80 za kukimbia, kuangusha, kuinuka na kuamua papo hapo huku akihema. Futiboli hudai mshindo wa sekunde chache, kisha mchezo husimama (mwanaraga angedhani kuna aliyeumia), na kila hatua imekwisha kupangwa. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo alitoka ragani akajiunga na Indianapolis Colts, hali futiboli hajapata kuicheza.