Mkazo wa Neno Ulivyotaka Kumla Zamu Shoga Angu Oslo

Haya wadau, leo tunaenda Norwei, ila sio stori za baridi. Ni lugha.

Shoga angu mmoja, jina nalihifadhi, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Oslo. Mtihani wa Kinorwei kafaulu, kuandika anaandika fresh tu. Lakini akimuuliza bibi kitandani kama anataka dawa ya maumivu, bibi anamkodolea macho: "Hva?" Yaani, "Nini?" Bosi akaanza kulalamika, zamu zikapungua. Na zamu ndiyo kodi, ndiyo hela ya mama yake Tanga.

Naishi naye, hivyo mazoezi yake nayasikia kila usiku. Neno lenyewe ni smertestillende: smerte ni maumivu, stillende ni yenye kutuliza. Wanorwei wanaunga maneno kama mabehewa ya treni, na kwa kawaida mkazo mkubwa unakaa behewa la kwanza: SMER-testillende. Sisi mdomo umezoea silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunasema smertestil-LEN-de. Hata sykehjem, nyumba ya wazee yenyewe, kwetu inakuwa sy-KE-hjem badala ya SY-kehjem. Sauti zote zipo, ila sikio la bibi linasubiri kishindo mwanzoni.

Msicheke. Hata kwetu barabára ni njia ya magari, barábara ni sawasawa.

Kukata neno nako kuna mtego. Busskur ni buss-skur, kibanda cha kusubiria basi. S tatu zilikutana, moja ikaliwa. Ukikata buss-kur, umepata tiba ya basi! Kwenye kuandika, lammekoteletter ni nyama ya mbavu ya mwanakondoo. Ukiacha nafasi, lamme koteletter, hiyo nyama imepooza! Wanorwei wenyewe wanakosea hapo na kutaniana mtandaoni.

Dawa yake ilikuwa ndogo: kila neno refu anagonga meza silabi ya kwanza, kisha anateremka taratibu. Wiki iliyopita bibi kamjibu, "Ja, takk." Ndiyo, asante. Karudi nyumbani anaimba.

Lafudhi ya Tanga bado anayo, na ibaki. Kutoeleweka sio ujinga jamani, mara nyingine ni silabi moja tu imebebeshwa mzigo wa mwenzake.

Nyie mlioko ughaibuni, neno gani liliwagomea? Tiririkeni hapo chini.