Mkesha wa Sekrenyi

Barabara ipandayo kutoka kituo cha reli cha Dimapur hadi Kohima, kaskazini-mashariki mwa India, ni ya kilomita 74, na kwa jinsi ilivyojaa mapindi na vumbi la Februari, msafiri hufika juu hali amekwisha sahau kwamba huko chini kuna joto. Kohima sikukaa sana. Nilizuru makaburi ya vita yaliyopangwa kwa daraja mahali palipokuwa uwanja wa tenisi wa mkuu wa wilaya wa Kiingereza, nikawakumbuka askari wetu wa Afrika Mashariki, wa Divisheni ya 11, ambao baada ya Wajapani kushindwa hapo mwaka 1944 waliwafuatia katika bonde la Kabaw, ng'ambo ya mpaka wa Burma. Kisha nikashika njia ya Khonoma, kijiji cha Waangami, kabila mojawapo la Wanaga, kwa kuwa nilikwisha nasihiwa kwamba atakaye kuijua sikukuu yao ya Sekrenyi na awahi matayarisho.

Nasaha hiyo ilikuwa njema, maana wageni wengi hufuata nyimbo na manyoya ya hondohondo, ilhali sikukuu hiyo, ianzayo tarehe 25 Februari na kudumu siku 10, asili yake ni kujitoharisha, na shughuli yake kubwa ni maji.

Mwenyeji wangu, mzee ambaye hakuwafuata jirani zake katika Ukristo ulioletwa na wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani, alinikalisha karibu na moto, akaniagizia chai alipoona kwamba pombe ya mchele siigusi. Mkewe aliinamia mtungi, akateka matone machache ya juu kabisa, akayatia katika majani, na majani hayo akayaweka kwenye nguzo kuu za nyumba, moja baada ya moja, mpaka zote tatu zikapata haki yake.

Usiku vijana wawili walikwenda kukisafisha kisima, na kikisha safishwa huwekwa mlinzi, asije mtu akateka, na hasa mwanamke, kwani wanawake hawaruhusiwi kuyagusa maji yale.

"Na mwenye kiu, mzee?" niliuliza.

"Mwenye kiu, mgeni wetu, alikwisha teka mchana."

Alfajiri vijana wote wa kiume waliteremka kisimani, wakaoga, wakajitanda shuka mbili mpya, nyeupe na nyeusi, kisha wakajinyunyizia maji kifuani, magotini na mkono wa kulia. Mimi niliyelelewa na josho la asubuhi ya Idi, baridi ile niliiona ngeni, lakini ile ada sikuiona ngeni hata kidogo.

Lililonishinda ni jogoo. Huyo hanyongwi kwa kamba wala hachinjwi kwa kisu, bali hukabwa kwa mikono mitupu, na macho yote huwa miguuni pake, kwani mguu wa kulia ukiangukia juu ya wa kushoto ni fali njema. Baadaye matumbo yake hutundikwa nje ya nyumba ili wazee wa kijiji wapite kuyakagua. Niliyetiwa adabu ya kisu tangu utotoni sikuweza kutazama kwa raha. Wa mwenyeji wangu ulianguka vizuri. Wa nyumba ya pili, tulipata habari kabla ya chai, haukuanguka vizuri, na asubuhi yote hapakuzungumzwa jingine.