Tabo mpya haikuliponya greda letu

Najua nimeadimika, mnisamehe, zamu za usiku zimenibana. Leo siongelei wodi wala baridi ya huku Leeds. Nataka niwasimulie habari za greda letu kule Njombe, maana wengi mmekuwa mkiniuliza, "Vipi, limepona?"

Kwa wasiojua: greda lenyewe ni la mwaka 1986, tulilinunua mimi na kaka, nusu kwa nusu. Nusu yangu ni zamu za ziada za miaka miwili. Mwaka jana likaanza kukosa nguvu. Likikata udongo kwenye mlima linahema na kutoa moshi mweusi. Fundi akasema tabo imekufa. Nikatuma hela, ikanunuliwa nyingine, na ugonjwa ukabaki palepale. Mwezi uliopita kaka akapiga simu: "Mdogo wangu, fundi anasema ile tabo ilikuwa feki. Tutafute nyingine."

Jamani, nilikaa kimya. Kumkatalia kaka ni kazi, na fundi mwenyewe ni mzee aliyemfundisha marehemu baba kuendesha. Mimi nesi, nitawaambia nini kuhusu injini?

Jirani yangu hapa ni mzee mstaafu, alikuwa akitengeneza mitambo ya machimbo ya mawe. Nikamweleza. Swali lake la kwanza: "Mlipima presha ya hewa?" Nikaona aibu. Mimi ambaye mgonjwa akikosa pumzi lazima nimpime, nimenunua mapafu mapya bila kipimo!

Akanieleza hivi. Tabo haina nguvu yake yenyewe. Inazungushwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, na upande wa pili inasukuma hewa kuingia ndani. Kwa hiyo hewa ikiwa kidogo, tabo inaweza kuwa haina kosa. Filta ya hewa ikiziba, inakosa cha kusukuma. Manifoldi ya eksozi ikivuja, moshi unatoroka kabla ya kuizungusha. Mpira ukipasuka baada ya tabo, hewa inamwagika njiani. Hata filta ya dizeli ikiziba presha inashuka, kwa sababu moto ni mdogo; ila hapo moshi mweusi hauonekani sana. Moshi mweusi maana yake dizeli ipo, hewa ndiyo haitoshi.

Nikampigia kaka. "Shikamoo kaka. Naomba kabla ya kununua, tuazime geji, fundi atupimie." Akacheka, lakini akakubali. Wakapima greda likiwa limesimama, wakakanyaga mafuta. Sindano haikupanda sana. Fundi akasema, "Si mnaona? Imekufa."

Nikakumbuka kitu cha wodini. Mgonjwa mwenye vidole vya baridi, kile kipimo cha kidoleni kinaweza kudanganya. Kipimo kina masharti yake. Na jirani alikuwa ameniambia kwamba injini isiyo na mzigo haitengenezi presha ya maana, hata ikiwa nzima. Nikaomba warudie likiwa linapanda mlima, limeshusha blade, linakata udongo. Ikasoma psi 6. Kitabu cha injini yetu kinataka kama 15. Sasa tukajua linaumwa kweli, tukabaki kutafuta wapi.

Filta ya hewa ilikuwa safi. Manifoldi haikuwa na masizi ya kuvuja. Injini ilipopoa fundi akaishika shafti ya tabo, haikucheza wala mapanga hayakugusa kuta. Basi akaziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kopo alilolitia vali ya tairi, akajaza upepo wa kompresa, psi chache tu, akapaka maji ya sabuni kwenye mipira yote. Povu likatoka chini ya mpira unaotoka kwenye tabo, mahali ambapo jicho halifiki. Ulipasuka kwa urefu. Mashine ikisimama, ufa unajifunga; mzigo ukija, unafunguka kama mdomo.

Mpira mpya na klipu mbili, ndiyo matibabu yote. Wakapanda mlima tena: psi 14, na moshi umepungua kabisa. Fundi akamwambia kaka, "Msalimie yule binti nesi, mwambie sabuni imesema."

Kisha akaenda stoo akaitoa ile tabo ya zamani, tuliyoing'oa mwaka jana. Akaizungusha kwa kidole. Shafti haina mchezo, inateleza vizuri. Nzima. Kaka aliponiambia hivyo, tulinyamaza wote wawili. Nilikuwa nahesabu zile zamu za usiku. Yeye sijui alikuwa anahesabu nini, lakini akasema, "Pole, mdogo wangu." Hajawahi kuniambia pole kwa habari ya hela.

Haya, nisiwachoshe. Mwenye mashine inayohema, geji ni bei rahisi kuliko tabo. Pimeni kwanza, tena ikiwa na mzigo. Wasalimieni wote nyumbani.