Usimngojeshe Mwenzio Bure

Ndugu wasomaji, kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Naifanya katika chumba kidogo ghorofani, Kariakoo, Dar es Salaam. Leo nataka kuwaeleza kosa moja nililolifanya katika kazi hiyo. Kosa hilo lilimpata mama yangu mzazi, na fundisho lake naona lafaa kwa nyumba zote, hata zile zisizo na simu.

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la vitenge, si mbali na Mtaa wa Kongo, aliniita. Duka lake upana wake ni hatua nne tu, lakini vitenge vimepangwa toka sakafuni mpaka darini. Wateja wake wengi wako mikoani. Alitaka mtu aliyeko kijijini afungue simu yake ya kupangusa, aone vitenge vyote, achague na kulipa, kisha mzigo upakiwe katika basi.

Nikamchorea kwenye karatasi jinsi kioo cha simu kitakavyokuwa. Waliofika Kariakoo wanajua jinsi mitaa yake ilivyonyooka na kukatana, kama mistari ya ubao wa drafti. Ndivyo nilivyokigawa kioo: miraba miwili kwa upana, na kwenda chini kadiri vitenge vilivyo. Kila mraba una picha ya kitenge, jina lake, na bei ya doti moja. Vitenge vilikuwa 40, basi miraba ikawa 40.

Lakini picha hizo hazikai ndani ya simu. Zimewekwa katika kompyuta iliyo mbali, iitwayo seva. Simu hutuma ombi, ndipo picha zije kwa njia ya mnara. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza, katika vita vya 1914 mpaka 1918. Basi zifikirini picha kuwa mizigo, nayo imo njiani. Mtu mwenye simu atazame nini wakati mizigo haijafika? Ndiyo maana sisi watengeneza programu huweka kiduara kinachozunguka katikati ya kioo. Maana yake ni hii: ngoja kidogo, kazi inaendelea.

Mimi nilitumia Flutter, zana za kampuni ya Google zilizotolewa rasmi mwezi Desemba 2018. Ndani ya zana hizo kiduara kimekwisha kutengenezwa. Fundi huandika neno moja tu, nacho chazunguka. Ukikipa kipimo, tuseme nusu ya kazi imekwisha, kitajaza nusu ya duara. Usipokipa kipimo, kitazunguka tu bila mwisho. Mimi sikukipa. Nilikiona chapendeza hivyo hivyo.

Nikaijaribu programu pale pale chumbani, penye mtandao wenye nguvu. Kiduara kikazunguka kidogo, mara vitenge vyote 40 vikatokea kwa pamoja, rangi zikimeta. Mwenye duka akapiga makofi. Nami nikajisifu moyoni.

Kwetu ni milimani Uluguru, upande wa Matombo. Kinamama wa WAWATA wa kigango chetu walikuwa wakitafuta sare kwa sikukuu ya somo wa kigango. Walikuwa 23. Mama yangu akawaambia, "Mwanangu ametengeneza duka ndani ya simu. Tuchague humo." Wakamkabidhi kazi hiyo.

Jumamosi moja akapeleka simu kwa mwenye sola ili ichajiwe, akalipa. Akanunua bando dogo. Baada ya sala ya Malaika wa Bwana ya saa sita, kinamama wakakusanyika chini ya mwembe ulio juu ya njia, kwa kuwa hapo ndipo mtandao hupatikana. Mama akafungua programu. Kiduara kikaanza kuzunguka.

Wakangoja. Jua likahama, nao wakahamia upande wenye kivuli. Mmoja akaenda kuchota maji akarudi, kiduara kikawa bado chazunguka. Kwenye saa tisa simu ikazimika. Hawakuwa wameona kitenge hata kimoja.

Mimi sikuwa na habari. Siku ya nne mama akanipigia.

"Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo, mama."

"Milele na milele. Marahaba, mwanangu. Mwombee yule mama wa duka atusamehe. Siku ile tulingoja mpaka simu ikazimika, ndiyo sababu tukaondoka bila kuaga."

"Mlikuwa mnangoja nini, mama?"

"Kile kiduara. Tulikiona kinazunguka, tukasema kijana wa dukani bado anavishusha vitenge toka juu. Tungefunga simu, si tungemkosea adabu?"

Nilinyamaza. Sikuwa na neno la kumjibu.

Muda ulikuwa umebaki mfupi. Wakanunua kitambaa kwa mchuuzi wa gulio, lakini kilitosha watu 15 tu. Siku ya sikukuu wanane waliingia kanisani bila sare, na mama yangu alikuwa mmojawapo, kwa maana aliwapisha wenzake. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikafungua kazi yangu na kuikagua mstari kwa mstari. Nikaona makosa matatu.

Kosa la kwanza, picha zilikuwa nzito. Huko mtandaoni uzito hupimwa kwa megabaiti, kama sokoni tunavyopima kwa kilo. Kila picha ilikuwa na megabaiti 3, kama ilivyotoka kwenye kamera. Picha 40 ni megabaiti 120. Mzigo huo wote niliutuma mlimani kwa mtu mwenye bando dogo, ili aone picha zisizozidi upana wa vidole viwili.

Kosa la pili, niliiamuru programu isionyeshe kitu mpaka picha zote 40 zifike. Hata kama 10 zilikuwa zimefika, mama hakuoneshwa hata moja.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Nilikuwa nimeandika la kufanya picha zikifika. Sikuandika la kufanya zisipofika. Mtandao ulipokatika pale mlimani, programu haikuwa na neno la kusema, ikaendelea kuzungusha kiduara.

Hapa, ndugu wasomaji, nawaomba mlijue jambo ambalo wengi hawalijui. Kile kiduara hakizungushwi na mtu wa dukani, wala hakitoki kwenye seva. Huzungushwa na simu yenyewe iliyo mkononi mwako. Waweza kukata mtandao kabisa, nacho kikazunguka vile vile. Hakijui kama mzigo uko njiani, au umeanguka mtoni, au haukuondoka kabisa. Husema "ngoja" kwa sababu kimeamriwa kusema hivyo, wala si kwa sababu kuna kitu kinachokuja.

Mwaka 1993 Jakob Nielsen, mtaalamu wa mambo ya kompyuta, aliandika kwamba sekunde 10 ndizo mwisho wa kumshika mtu mbele ya kioo kabla mawazo yake hayajakwenda kwingine. Kwa hiyo, alisema, kazi ikizidi hapo, mtu aonyeshwe imefika wapi. Mimi nililijua fundisho hilo, nikalipuuza. Nilidhani mtu akichoka atafunga tu. Sikumfikiria mtu aliyelelewa kwamba kuondoka bila kuaga ni utovu wa adabu.

Nikaenda kwa mwenye duka nikamweleza yote. Yeye ni Mwislamu, mtu mcha Mungu. Alisikiliza akikunja doti, kisha akasema:

"Mwanangu, mteja akitaka kitu kilichoko stoo, mimi namwambia: kijana amekwenda stoo, atarudi baada ya nusu saa, ukitaka kaa, usipotaka nenda ukirudi. Kama kitu kimekwisha, namwambia kimekwisha. Sijapata kumwambia mtu 'subiri' hali najua stoo hakuna kitu. Kwa nini simu yako iseme uongo kwa jina la duka langu?"

Niliona haya. Nikarudi ghorofani nikaianza kazi upya.

Picha nikazipunguza, kila moja ikawa na kilobaiti 50, hata zote 40 hazizidi megabaiti 2. Miraba nikaifanya itokee mara moja, ikiwa mitupu yenye rangi ya kijivu, pamoja na majina na bei, kwa kuwa maandishi ni mepesi, hutangulia. Picha huletwa sita kwanza, zile zionekanazo kiooni. Nyingine huja kadiri mtu anavyosogeza kidole. Kila iliyofika huonekana papo hapo, nayo hutunzwa ndani ya simu isile bando mara ya pili. Na kiduara nikakiwekea mwisho. Sekunde 15 zikipita bila jibu, hukoma, na maneno haya hutokea: "Mtandao umekatika. Picha 6 zimefika kati ya 40. Bonyeza hapa kujaribu tena, au rudi baadaye."

Safari hii sikuijaribu mjini. Nilipanda basi nikaenda nyumbani. Ilikuwa miaka miwili sijafika kwetu. Tulikaa na mama chini ya mwembe ule ule. Miraba ikatokea, picha nne zikaja, kisha mtandao ukakatika na maneno yakatokea. Mama akayasoma polepole kwa sauti, akacheka.

"Hivi sasa kinasema kweli," akasema. "Twaweza kwenda kupika."

Tulipokuwa tukiteremka akaongeza, bila kunitazama: "Siku ile sikuona ajabu kungoja. Nilijua ndivyo mlivyo huko mjini. Mtu husema nakuja, nakuja."

Kweli, miaka ile miwili, kila aliponiuliza nitakwenda lini, nilimjibu, "Mwezi ujao, mama, ngoja kidogo." Naye kila mwezi alitandika kitanda changu. Nilikuwa nazunguka mbele ya macho yake, wala sikuwa njiani.

Ninyi mlio na simu, kiduara kikizunguka zaidi ya dakika moja, msikionee haya. Fungeni, msogee penye mtandao, mjaribu tena. Hapana mtu anayewashushia kitu toka juu, wala hamumkosei mtu adabu.

Nasi tulio mijini, na kila mmoja aliyeahidi jambo, awe baba wa nyumba, fundi, au kiongozi wa kigango, tumweleze kweli anayetungoja. Kama jambo liko njiani, tumwambie limefika wapi. Kama limekwama, tumwambie limekwama. Kama haliwezekani, tuwe na moyo wa kusema haliwezekani, apate kwenda kupika. Bwana wetu alitufundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo.

Mwaka huu kinamama wa kigango chetu wamekwisha kuchagua kitenge, chenye maua ya buluu. Mama alituma hesabu mapema: doti 23. Nami nimemtajia siku nitakayofika kwa sikukuu, na tiketi ya basi nimekwisha kuikata.