Kiwiko Kikivunjika
Hapa Likawage, embe zikiiva, sisi wauguzi hupokea watoto walioanguka mwembeni wakajikinga kwa mkono. Kiwiko huvimba upesi, na nyumbani bibi keshapasha mafuta ya kukandia. Mama mwenzetu, usikubali! Mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu. Ncha ya mfupa uliovunjika ikisukumwa huweza kuubana au kuutoboa. Uninginize mkono kwa kanga, jinsi ulivyoukuta, bila kukaza, umpeleke hospitali. Vidole vikipoa, vikipauka au kufa ganzi, usingoje kesho: tafuta usafiri wa Kinyonga, Kilwa Kivinje, hata usiku. Hata akiwa na plasta, akilia maumivu yanazidi, si deko. Mrudishe siku hiyo hiyo. Plasta ikitolewa, kwa kawaida baada ya wiki 3 au 4, mwache akunje na kunyosha mwenyewe akicheza. Mkandaji asiitwe hata hapo.