Ijaza ya Kushusha Paa la Asbesto

Uingereza, nchi ambamo Nellie Kershaw wa Rochdale alifariki mwaka 1924 kwa vumbi la kiwanda cha asbesto, na ambayo ilitunga kanuni za kwanza za kulidhibiti vumbi hilo mwaka 1931, haimruhusu mwajiri kumtuma mtu kuigusa asbesto kabla hajafundishwa.

Mafunzo yenyewe ni ya daraja tatu. Ya kwanza ni ya hadhari tu, ili fundi umeme au fundi bomba asije akatoboa asichokijua. Ya pili ni ya wanaoshughulikia asbesto iliyoshikamana, isiyomwaga vumbi kwa wepesi. Na ya tatu, ambayo ndiyo nzito, ni ya wafanyakazi wa kampuni zenye leseni ya HSE, idara isimamiayo usalama kazini, wanaovua magamba ya mabomba ya mvuke na mbao za kukinga moto. Hawa hupimwa na tabibu kila miaka 2, na kumbukumbu za afya zao huhifadhiwa miaka 40, maadamu maradhi ya asbesto hujificha miongo kadhaa kabla ya kudhihiri; tena hawana budi kunyoa kidevu ili barakoa ibane uso, jambo ambalo kwa mwenye kufuga ndevu kwa ajili ya dini si dogo. Wala kampuni haijipi yenyewe hati ya usafi: mchunguzi mwenye ithibati, asiye wa kwao, huingia na pampu yake akapima hewa, ndipo watu waruhusiwe kurejea.

Nyumbani Kenya, kanuni za taka za mwaka 2006 ziliitaja asbesto miongoni mwa taka za hatari, na mwenye kuisafirisha sharti apate leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Lakini nilipokwenda Mombasa niliwakuta vibarua juu ya paa la shule moja kongwe, vitambaa puani, wakiyapasua mabati ya asbesto kwa nyundo na kuvitupa vipande chini, na jirani akivichagua vilivyo vipana akaezekee banda la kuku.

Aghalabu huambiwa kwamba mambo ya Wazungu ni ya gharama, hatuyawezi. Hoja hii naikataa, kwa kuwa mabati yale ni asbesto iliyochanganywa na saruji, na huko huko Uingereza kuyashusha yakiwa mazima kwa kawaida hakuhitaji leseni: ni kazi ya daraja ya pili. Fundi hulowesha bati kwa maji, hufungua skrubu badala ya kuvunja, huliteremsha zima, akalifunga kwa nailoni nzito yenye alama. Haya NITA, inayowatahini mafundi wetu kwa gredi, ingeweza kuyatia katika mtihani wa waezekaji, na cheti kikawa mkononi mwa mwenye nyundo, si katika faili la mshinda zabuni.

Lililo gumu zaidi ni zile kumbukumbu za miaka 40, kwani kibarua wa kutwa mwajiri wake wa leo siye wa kesho, na sijaona bado ni daftari la nani litakalomwandika.